Je, Serikali Yaweza Kupima Imani ya Mtu?

Ndugu msomaji, liko swali ambalo limewashughulisha wenye hekima tangu zamani: nchi inapoasisiwa, dini iwekwe mahali gani? Wako wasemao kwamba dini ni jambo la msikitini na kanisani tu, wala isisikike penginepo. Wako na wasemao kwamba serikali isiyojifunga na dini fulani ni serikali isiyomcha Mungu. Kabla hujachagua upande, tafadhali tazama pamoja nasi mambo yaliyotokea Pakistan, nchi iliyodaiwa kwa jina la Waislamu wa Bara Hindi.

Tarehe 11 Agosti, 1947, siku tatu kabla ya nchi hiyo kuzaliwa, Bwana Muhammad Ali Jinnah alilihutubia Bunge la Katiba mjini Karachi. Aliwaambia wajumbe kwamba kila raia atakuwa huru kwenda msikitini au hekaluni kwake, na kwamba dini ya mtu haitakuwa shughuli ya serikali. Wala hakuishia kwenye maneno. Waziri wa Sheria wa kwanza alikuwa Bwana Jogendra Nath Mandal, mtu wa dini ya Kihindu. Na Waziri wa Mambo ya Nje wa kwanza alikuwa Sir Muhammad Zafrulla Khan, Mwahmadiyya.

Bwana Jinnah alifariki Septemba 1948. Miezi sita baadaye, tarehe 12 Machi, 1949, Bunge lilipitisha Azimio la Makusudio, lililotamka kwamba enzi yote ni ya Mwenyezi Mungu, na kwamba Waislamu watawezeshwa kuishi kwa mafundisho ya Islam. Wajumbe wa Kihindu walilipinga kwa hofu. Sir Zafrulla Khan alilitetea, akiamini kwamba haki ya Islam itamlinda kila mtu.

Jambo hili hatupaswi kulificha, maana ndani yake mna funzo kubwa. Nia yake ilikuwa njema, na aliyoyasema juu ya haki ya Islam yalikuwa kweli. Lakini sheria haifuati nia ya aliyeitunga. Hufuata nia ya yule anayeishika. Mwaka 1950 Bwana Mandal alijiuzulu akahamia India. Mwaka 1953 ghasia zilizuka Punjab, watu wakidai Waahmadiyya watangazwe kuwa si Waislamu, na Sir Zafrulla Khan aondolewe katika uwaziri.

Majaji Muhammad Munir na M. R. Kayani walichunguza ghasia hizo, na taarifa yao ikatoka mwaka 1954. Waliwauliza maulamaa swali jepesi: Mwislamu ni nani? Hawakupata wawili waliokubaliana. Aliyekuwa Mwislamu kwa maelezo ya huyu, alikuwa kafiri kwa maelezo ya yule.

Basi fikiri, ewe msomaji: ikiwa wenye elimu wameshindwa kuafikiana, wanasiasa watapima kwa mizani gani? Hata hivyo, tarehe 7 Septemba, 1974, Bunge lilibadili katiba na kuwatangaza Waahmadiyya kuwa si Waislamu. Na sheria ya tarehe 26 Aprili, 1984, ikafanya kuwa kosa Mwahmadiyya kujiita Mwislamu, kuita nyumba yake ya ibada msikiti, au kuadhini. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka mitatu. Sheria hiyo ingali ipo.

Pengine utauliza: Je, basi dini ifukuzwe katika maisha ya taifa? La, hasha! Hakimu asiyekula rushwa kwa kumwogopa Mungu, kiongozi anayejua kwamba ataulizwa juu ya yatima na mjane, mfanyabiashara asiyepunja kipimo, hao wote wanaiingiza dini barazani, tena kwa njia iliyo bora. Mtume Muhammad (s.a.w.) alipoingia Madina aliweka mkataba uliowahesabu Wayahudi pamoja na Waislamu, kila watu na dini yao. Na Usama bin Zaid alipomwua vitani mtu aliyekwisha kutamka shahada, akidai kwamba aliitamka kwa woga tu, Mtume (s.a.w.) alimkemea vikali, akimwuliza kama aliupasua moyo wake na kuona yaliyomo.

Ikiwa sahaba mpendwa hakuruhusiwa kuuhukumu moyo wa mtu, ni bunge gani litakaloruhusiwa? Serikali iidai kodi na utii wa sheria, nayo impe kila raia haki yake. Imani ni amana baina ya mja na Muumba wake. Na anayefurahi leo kwa kuwa serikali imemhukumu jirani yake, akumbuke kwamba kesho mizani hiyo hiyo yaweza kuletwa mlangoni kwake.

Mwenyezi Mungu atujalie haki pamoja na imani. Amin.