Haki ya Kushindwa

Msuli haukui kwa kurudia ulichokwisha kukizoea. Hukua unapotwishwa mzigo unaozidi kidogo mazoea yake, kisha ukapata chakula na mapumziko ya kujijenga upya. Ndiyo maana mwalimu wa mazoezi huijali zaidi skwoti ya mwisho, ile ambayo magoti yanatetemeka na pumzi inakata, kuliko zote za mwanzo. Anayetoka ukumbini bila kushindwa jambo hata moja huenda hakufanya mazoezi; alijionyesha tu. Hapo pana fumbo: njia ya kwenda kwenye nguvu inapita kwenye udhaifu, na anayetaka kuwa imara hana budi akubali kwanza kuonekana goigoi.

Ugumu uko kwenye huko kuonekana, maana kushindwa mbele za watu hakuna bei moja kwa wote.

Mwaka 1908, jijini London, Mwitalia Dorando Pietri aliingia uwanjani akiongoza mbio za marathoni za Olimpiki. Nguvu zilikuwa zimemwishia. Alianguka mara kadhaa, akainuliwa na maofisa, akavuka mstari akiwa hajielewi. Ushindi alinyang'anywa kwa sababu alisaidiwa, lakini Malkia Alexandra alimtunuku kikombe, na jina lake likavuma kuliko la mshindi. Miaka 20 baadaye, Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800 kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza. Lina Radke wa Ujerumani alishinda kwa rekodi ya dunia, na wote tisa waliokuwamo fainali walimaliza. Baada ya mstari baadhi yao walijitupa chini kwa uchovu, kama afanyavyo mkimbiaji yeyote. Magazeti yakaandika habari za wanawake waliozimia, wenye miili isiyostahimili masafa hayo. Mbio hizo zikafutwa, zikarudi kwenye Olimpiki mwaka 1960. Dorando alianguka kwa niaba yake mwenyewe. Wanawake wa Amsterdam walihesabiwa kuwa wameanguka kwa niaba ya wanawake wote.

Uzito huo hauandikwi kwenye vyuma, lakini kila mwanamke anayeanza mazoezi anaubeba. Akikimbia barabarani alfajiri husindikizwa na maoni ambayo hakuyaomba. Mnene huambiwa amechelewa, mwembamba huulizwa anapunguza nini, mwenye baibui huulizwa kama haoni joto. Aliyevaa suruali ya kubana pengine haambiwi kitu, anatazamwa tu mpaka apotee konani. Akili inayojua kwamba inakaguliwa hugawanyika: nusu inauendesha mwili, nusu nyingine inausimamia kutoka nje. Mwanafalsafa wa Marekani Iris Marion Young alilichambua jambo hili katika insha yake ya mwaka 1980 kuhusu namna wasichana wanavyorusha mpira. Aliona kwamba msichana mara nyingi hurusha kwa mkono peke yake, kiwiliwili kimebaki nyuma kana kwamba hakikualikwa. Kwa hoja yake, sababu haimo katika mifupa. Imo katika malezi na mazingira ya mtu aliyefunzwa kwamba mwili wake ni kitu cha kutazamwa, kabla hajaujua kuwa ni wa kutendea kazi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kwa makadirio yake ya mwaka 2022, wanawake wasiofikia kiwango cha kutosha walikuwa asilimia 34, wanaume asilimia 29. Wapo wanaolieleza pengo hilo kwa uvivu, na wapo wanaotaja, kwa haki kabisa, ndoo za maji, watoto na jiko. Mimi naongeza macho. Mwenye nusu saa tu ya kujipa hataki kuitumia kwenye mtihani ambao hakujisajili.

Ndipo zinapokuja jimu za wanawake pekee. Madirisha yana pazia, mabaibui yametundikwa karibu na mlango, mwalimu ni mwanamke. Husemwa kwamba humo hakuna macho. Si kweli. Kioo kimefunika ukuta mzima, na wanawake tunajua kukaguana: kuna anayekipima kiuno cha mwenzake, kuna anayeuliza kwa sauti kubwa mtoto ana miezi mingapi mbona tumbo bado liko vile. Jimu ikiishia hapo imebadilisha wakaguzi tu.

Kinachoifanya iwe mahali pa salama ni namna nyingine ya kutazama. Mtu anapolala kwenye benchi na chuma kiko juu ya kifua chake, mwenzake husimama kichwani pake, mikono tayari. Huyo anatazama kwa makini kuliko kijana yeyote wa kijiweni, ila anachokifuata kwa macho ni chuma: kinapanda sawa, au kinaanza kulala upande mmoja? Chini ya macho hayo mtu huthubutu uzito ambao asingeugusa akiwa peke yake. Kumbe hakuhitaji chumba kisicho na mtazamaji. Alihitaji mtazamaji anayetaka afaulu, na ambaye akishindwa atakipokea chuma na kumwambia, "Pumzika, dada, kisha turudie."

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga, na sisi hukimbilia kwenye kutunzwa. Tunasahau kwamba mchezaji huyo aliwahi kuwa mwanagenzi, na mwanagenzi naye anahitaji kwao, mahali ambapo hatua iliyokosewa haigeuki kuwa jina la utani. Pwani ililijua hili kabla ya mashine ya kwanza ya kukimbilia kushushwa bandarini. Katika unyago msichana alifunzwa kuumiliki mwili wake mbele ya makungwi na wanawake wenzake, na hakuna aliyetarajiwa kujua kucheza siku ya kwanza.

Lakini kuna pingamizi lenye uzito. Tukijifungia ndani, si tumewaachia wengine barabara? Ukuta unaomkinga mwanamke na maneno hauyafuti maneno, na mama lishe asiyemudu ada ya mwezi anabaki nayo huko nje. Pingamizi hili nalikubali nusu. Jimu ya wanawake haiwezi kuwa udhuru wa mji usiojirekebisha. Hata hivyo, si kweli kwamba faragha huzaa watu wa kujificha. Mwaka 1955, chama cha TANU kilipohitaji wanawake, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba jijini Dar es Salaam, aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake, na kwa njia hiyo wanawake wakaingia chamani kwa wingi. Waliokwisha kuzoea kusikilizana wenyewe kwa wenyewe walipata pa kuanzia walipotakiwa kuusikilizisha umma. Kuta za namna hii tusizihukumu kwa kumwangalia aliyezuiwa mlangoni peke yake. Tumwangalie pia anayetoka, ametoka na nini.

Anayetoka na kiuno chembamba amepata alichokilipia. Anayetoka akiwa amezoea kushindwa bila kuaibika amepata kitu kikubwa zaidi, na hicho hakuna awezaye kujipa mwenyewe, kwani haki ya kushindwa hutolewa na wanaokutazama. Wanawake wachache wameweza kupeana haki hiyo chumbani. Barabara haina sababu ya kuikosa. Siku barabara itakapoitoa, wako watakaohamia nje, na wako watakaobaki ndani kwa raha ya kuwa pamoja. Hapo ndipo tutakapojua nani alivutwa kuja na nani alisukumwa.