Mwenye Kalamu Asikae Nyuma

Moyo wa mgonjwa ukisimama wodini, kila mtu anajua pa kukimbilia: kifuani, kwenye ambu, kwenye troli ya dawa. Karatasi inasubiri. Mgonjwa akisharudi, au akishafunikwa shuka, ndipo mtu anavuta faili na kuuliza wenzake, "Tulianza saa ngapi vile?" Mmoja anasema na robo, mwingine anasema na dakika ishirini. Wanakubaliana katikati, na makubaliano hayo yanaingia kwenye faili kama ndiyo yaliyotokea.

Dada zangu na kaka zangu wauguzi, tabia hii tuiache. Tunaweza kuiacha, na tunaweza kuanza kwenye zamu ya leo.

Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo wanavyosema wafanyabiashara, na huwezi kumkuta mwenye duka la mtaani asiye na daftari la madeni. Sukari robo kilo anaiandika. Sisi tunaopigania uhai wa mtu tunawezaje kuridhika na sentensi moja: "Mgonjwa alibadilika hali, akahudumiwa, kwa bahati mbaya akafariki"? Alihudumiwa vipi? Na nani? Kuanzia saa ngapi?

Kosa letu kubwa ni kudhani kuandika ni kazi ya baadaye, kazi ya kufunga faili. Tazama kinachotakiwa kufanyika ndani ya dakika 10 tu za kumhuisha mtu mzima. Kifua kinakandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6. Kila dakika 2 mdundo wa moyo unaangaliwa na anayekandamiza anabadilishwa, maana mikono iliyochoka haifikii kina hicho hata kama mwenyewe anaapa kwamba bado ana nguvu. Adrenalini miligramu 1 inarudiwa kila baada ya dakika 3 hadi 5. Kama mdundo ni wa kushtuliwa kwa umeme, baada ya mshtuo wa 3 inaingia amiodaroni miligramu 300. Ni nani anayeweza kubeba hesabu hizo zote kichwani, huku jasho linamtiririka na ndugu wa mgonjwa wanalia mlangoni? Hakuna, hata awe bingwa. Katika purukushani ile muda unatudanganya sote: anayekandamiza kifua anaona dakika 2 zimekuwa 10, na anayesubiri kurudia dozi anaona dakika 6 zimekuwa 2.

Anayeokoa jahazi hapo ni mtu mmoja tu, aliyesimama mahali anapoiona saa na kuwaona wenzake wote, mwenye karatasi mkononi. Huyu haandiki kimyakimya. Anasema kwa sauti: "Dakika 2 zimetimia, badilishaneni." "Adrenalini ya mwisho ilikuwa dakika 4 zilizopita." "Umeme bado hatujatumia, na mdundo unaruhusu." Maneno hayo yanatoka kwenye karatasi, na yanabadilisha matibabu palepale, mgonjwa angali kitandani. Kwa hiyo usikubali tena kuambiwa "wewe andika tu." Hilo "tu" likatae.

Kama unadhani natia chumvi, twende Haydom, mkoani Manyara. Katika hospitali ile, watazamaji waliofunzwa walikaa kwenye chumba cha kujifungulia mchana na usiku, wakiandika muda wa kila hatua: mtoto ametoka lini, amekaushwa lini, ambu imewekwa usoni sekunde ya ngapi. Ilikuwa kazi ya uvumilivu, mtoto baada ya mtoto. Mwaka 2012 timu iliyoongozwa na daktari Hege Ersdal ilichapisha kilichoonekana ndani ya maandishi hayo: kwa watoto wasiopumua wenyewe, kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kuwapa pumzi ziliongeza hatari ya kufa au ya kulazwa kwa muda mrefu kwa asilimia 16.

Sekunde 30! Ni muda wa kutafuta barakoa ndogo ya ambu ambayo mtu wa zamu iliyopita hakuirudisha mahali pake. Ukweli huo ungebaki umefichika hadi leo kama wale watazamaji wangeandika tunavyoandika wengi wetu, kwamba "mtoto alisaidiwa kupumua", nukta, basi.

Kuna jambo jingine kutoka hapahapa Tanzania ambalo kila mkunga anapaswa kulijua. Mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua yalipopelekwa katika hospitali 8 nchini, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Hilo lilitarajiwa. Lakini watoto walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu, wale ambao ngozi yao bado haijaharibika, nao walipungua kwa asilimia 24. Mafunzo yalihusu mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Iweje wafu wapungue? Maelezo yanayoeleweka zaidi ni kwamba baadhi ya watoto walioandikwa wafu hawakuwa wafu. Mioyo yao ilikuwa inapiga, ila pumzi ndiyo haikuwa imeanza. Mtoto akishaandikwa hivyo hakuna anayeuliza angeweza kufanyiwa nini, kwa sababu kwenye kitabu hakuwahi kuishi.

Ndiyo maana mapigo ya moyo yaandikwe, hata kama ni sifuri, na saa yaliposikilizwa iandikwe pia. Na alama za Apgar, ambazo Virginia Apgar alizibuni mwaka 1952 ili mtoto atazamwe kwa makini dakika ya kwanza, zisijazwe alfajiri kwa mazoea, 8 na 10, 8 na 10, kitabu kizima. Mtoto aliyepata 3 ana haki ya 3 yake. Akichelewa kukaa au kutembea mwakani, daktari atakayempokea ataitafuta namba hiyo.

Cha kuandika si siri wala si kingi. Tangu wataalamu walipokutana mwaka 1990 Utstein, karibu na mji wa Stavanger nchini Norway, ili wahesabu kwa lugha moja, mambo makuu yanajulikana. Mgonjwa alikutwa saa ngapi na katika hali gani, kukandamiza kulianza lini, mdundo wa kwanza ulikuwa upi, umeme wa kwanza lini, dawa gani na dozi gani kwa saa gani, mapigo yalirudi lini au juhudi zilisitishwa lini na kwa uamuzi wa nani. Tumieni saa moja tu, ya ukutani au ya mashine, maana saa za simu, za ukuta na za mashine hazikubaliani. Daktari akisema "saa nane na kumi" usiku, wewe andika 02:10, ili atakayesoma kesho asidhani ni mchana.

Najua utaniambia: usiku tupo wawili, wodi ina vitanda 40. Ni kweli, na wanaopanga idadi ya watumishi wanapaswa kulisikia. Lakini hata wawili wana njia. Bandika kipande cha plasta kwenye shuka na uandike saa ya kila dozi. Andika kwenye glavu. Chupa tupu za dawa ziweke kwenye bakuli moja, zisitupwe mpaka zihesabiwe. Mkitulia, hamishieni kwenye fomu palepale, na kilichoandikwa baadaye kitajwe kwamba kimeandikwa baadaye, pamoja na saa ya kukiandika. Kisichokumbukwa kisitungwe.

Wapo wanaoogopa kwamba ukweli ukiandikwa utawaponza. Nawaelewa, kwa sababu nimeona fomu zikitumika kutafuta mchawi. Lakini aliyefanya kazi yake usiku kucha na hana mstari hata mmoja wa kuonyesha ndiye asiye na utetezi. Na kama tulichelewa dakika 7 kwa sababu mtungi wa oksijeni ulikuwa tupu, iandike 7, iandike oksijeni. Hapo ndipo mtungi utakaponunuliwa.

Madaktari, someni karatasi hiyo na kutia saini kabla hamjaondoka kitandani. Wakuu wa wodi, ileteni kwenye vikao vya mapitio ya vifo na muisome dakika kwa dakika, mkitafuta kilichokwama na siyo wa kumlaumu. Kila makabidhiano ya zamu mtajeni kwa jina atakayeshika kalamu dharura ikitokea, kabla haijatokea. Fomu na kalamu zifungwe kwa kamba kwenye troli ya dharura, zikaguliwe kila zamu kama adrenalini inavyokaguliwa. Zikikosekana, troli haijakamilika, na asitie saini mtu yeyote kwamba imekamilika.