Mwaka wa kwanza chuoni

Vyuo vikuu vyetu hufungua mwaka wa masomo kati ya Oktoba na Novemba, kahawa ya Mbinga ikiwa imeshavunwa, naye mzazi wa Umatengo akiwa na chochote mkononi. Ada, godoro, nauli ya basi mpaka Dodoma au Dar es Salaam. Kwa familia za Mbamba Bay na Liuli, fedha hiyo mara nyingi hutoka ziwani, kwenye dagaa. Kijana akishaondoka, simu za nyumbani huuliza jambo moja: bumu limeingia?

Swali hilo si baya. Bumu, yaani fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ndilo linalowalisha wengi. Lakini mwaka wa kwanza una mengine. Aliyeongoza darasa sekondari anajikuta ukumbini na mamia ya wenzake walioongoza kwao. Anapata sapu, anaona aibu, anaficha. Mzazi akija kusikia kwa wengine, anadhani mtoto amefukuzwa, kumbe sapu ni nafasi ya kurudia mtihani wa somo aliloshindwa. Ukali wetu hapo huwafunga vijana midomo, na naamini huwaumiza kuliko alama zenyewe.

Likizo ndefu humkuta kijana nyumbani kahawa ikichumwa. Mwacheni apumzike kwanza, kisha mwende naye shambani. Baba, mama, mwulizeni anakula nini, analala wapi, rafiki zake ni akina nani. Mkishauliza, msikilizeni mpaka amalize.