Jibu la Haraka

Kolandoto, kama kwingineko Usukumani, wako walemewao na huzuni waendao kwa mfumu. Mfumu hupasua kuku, husoma ndani yake, kisha hutaja chanzo cha msiba. Mganga hunena, mgonjwa husikiliza. Aanzaye tiba ya mazungumzo hukuta kinyume: yeye ndiye anenaye. Huulizwa, huachiwa kimya, na baada ya saa moja hivi huambiwa arudi juma lijalo. Pengine hutoka na uchungu kupita aliokuja nao, maana kidonda kilichofunikwa huuma kikifunuliwa.

Je, ni haki kumnyima mwenye kiu jibu? Shinyanga imekwisha kuyalipia majibu ya haraka. Vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na ushahidi ulikuwa macho mekundu, yaliyoiva kwa moshi wa jikoni. Huzuni iliyopewa jina la jirani haikupona. Ilihamia nyumba ya pili.

Basi aanzaye tiba hiyo asitazamie kuonyeshwa adui. Atazamie kujisikia mwenyewe, polepole, mbele ya mtu atunzaye siri. Dawa hiyo ni chungu, lakini mnywaji wake ni mgonjwa mwenyewe, si jirani yake.