Asiyezaa ni Bure?

Nina swali: kiumbe kisichozaa kina thamani gani? Shahidi wangu wa kwanza ni jani la ng'ombe.

Uwele una kromosomu 14 katika kila seli. Mabingobingo, yale majani ya tembo, yana 28. Ukichanganya viwili hivi unapata chotara mwenye 21: 7 za uwele na 14 za mabingobingo. Wakati wa kutunga mbegu, kila kromosomu hutafuta mwenzake. Zile 7 za uwele hupata 7 zinazofanana nazo upande wa pili. Zinazobaki, 7, hukosa mwenzi, na mbegu haitungi.

Wataalamu huzitambuaje? DNA ya nyasi imejaa vipande vinavyojirudia maelfu ya mara, na kila ukoo una vyake. Wanakitia kipande rangi inayong'aa, nacho kinakwenda kujibandika kwa ndugu zake. Mwaka 1989, Uingereza, Trude Schwarzacher na wenzake walitumia DNA ya mzazi mmoja kwa njia hiyo katika chotara wa shayiri mwitu. Wakaona kromosomu za wazazi wawili zimekaa kila kundi upande wake, ndani ya seli ileile.

Rangi ile inaonyesha nani katoka wapi. Haionyeshi dhambi wala mkono wa mchawi. Na mfugaji halitupi jani eti halina mbegu: anakata pingili, anapanda, maziwa yanapatikana.

Kwetu Shinyanga, shangazi yangu alirudishwa nyumbani kwa kutozaa, na ng'ombe wa mahari wakadaiwa. Hakuna aliyempima mume. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye majaruba ya mpunga wa shangazi huyo, lakini shamba la babu lilipogawanywa aliambiwa hana wa kumrithisha.

Utasema binadamu si jani. Kweli, na ugumba wa mtu una sababu zake, nyingine ziko kwa mwanaume. Lakini sababu ya kutozaa ni jambo moja, thamani ya asiyezaa ni jingine. Sisi tumeyafunga kamba moja. Hata Geita, mawe yanayotupwa, magwangala, watu huyasaga wakapata dhahabu.

Vijana wenzangu tunaoandika, tazameni hadithi zetu. Tasa akitokea ukurasa wa tatu, ukurasa wa kumi keshakuwa mchawi. Na huku kwetu vikongwe wameuawa kweli kwa neno hilo. Basi kabla hujampa mhusika wako ungo wa kurukia usiku, mpe kwanza shamba lenye jina lake.