Tenda Wema, Uoshe na Chombo

Wazee wetu walituachia methali isemayo, "Tenda wema, nenda zako." Maana yake twaijua sote: ukimsaidia mtu, usisimame mlangoni pake ukingoja asante. Ni mafundisho mema, nasi tumeyafundisha kwa miaka mingi. Lakini je, mtenda wema ana ruhusa ya kwenda zake upesi kiasi gani? Twapenda kulichungua swali hili kwa mfano mdogo, ambao huenda baadhi ya wasomaji watauona kuwa wa kuchekesha: mfano wa watu wanaowalisha ndege wa mwituni nyuma ya nyumba zao wakati wa theluji.

Katika Uingereza desturi hiyo imeenea sana. Watu hutundika mitini vikapu vidogo vya waya vyenye karanga zisizo na chumvi na mbegu za alizeti, au huweka ubao wa chakula uani. Tangu mwaka 1979, kila mwisho wa Januari, chama chao cha kuhifadhi ndege huwaomba watu wakae saa moja na kuwahesabu ndege wanaotua. Hapo mwanzo ilikuwa kazi ya watoto. Siku hizi wazee nao hukaa dirishani na kalamu.

Tuliiona desturi hiyo kwa macho yetu mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi 2018, tulipokuwa wageni wa jamaa zetu kaskazini mwa nchi ile. Siku hizo upepo mkali ulivuma kutoka upande wa Siberia, na theluji ikafunika bustani na barabara. Mtu aweza kudhani kwamba ndege hupata taabu zaidi katikati ya majira ya baridi. Kumbe mwisho wake ndio wenye njaa, kwa kuwa matunda ya vichakani na mbegu zimekwisha kuliwa, na wadudu hawajatoka bado. Ni kama miezi yetu ya kungojea mavuno, ghala likiwa tupu na mahindi yangali machanga shambani. Ndege aitwaye blue tit ana uzito wa gramu 11 hivi, yaani kama vijiko vitatu vidogo vya sukari. Mafuta anayoyapata mwilini kwa kula mchana kutwa, huyachoma usiku ili asife kwa baridi. Asipokula kesho yake, hana akiba. Katika majira ya baridi ya 1962 na 1963, theluji ilipokaa wiki nyingi, ndege wadogo wengi mno walikufa, hasa wale waitwao wren.

Basi, kuwalisha ni wema? Wako wanaopinga, na hoja zao zastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba karanga wapewe watu, maana wenye njaa hawajaisha duniani. Hoja hii ina uzito. Mtu anayemlisha ndege na kumfungia jirani mlango ana hatia, na wema wake kwa ndege hautaifuta. Lakini hatuoni kwamba konzi moja ya mbegu ndiyo inayomnyima jirani. Bwana wetu aliwataja shomoro, waliouzwa kwa bei ndogo kabisa, akasema kwamba hata hao hawasahauliwi. Kisha akasema kwamba mtu ana thamani kupita wao. Mambo yote mawili yatupasa kuyashika pamoja.

Hoja ya pili ni kwamba ndege watazoea kupewa, wasahau kujitafutia. Jambo hili lilichunguzwa huko Wisconsin, Marekani, kwa ndege mdogo aitwaye chickadee, na matokeo yalitolewa mwaka 1988 na 1992. Katika kila ndege 100 waliopata chakula cha watu, 69 hivi walivuka majira ya baridi. Kwa wale wasiopata, ni 37 tu. Halafu, mahali walipokuwa wamelishwa kwa miaka mingi, chakula kiliondolewa. Ndege hao waliishi sawa na wenzao ambao hawakuwahi kulishwa. Hawakuwa wavivu hata kidogo. Wanaodhani kwamba kila msaada humharibu anayepewa na waifikirie habari hiyo.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kupita zote, nayo inahusu mlishaji mwenyewe. Mnamo 2005 ugonjwa ulianza kuwaua chiriku wa kijani, ambao Waingereza huwaita greenfinch. Huletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho, kilichojulikana tangu zamani kwa njiwa. Hukaa kooni, na ndege hushindwa kumeza. Akijaribu kula huirudisha mbegu yenye mate, na mwenzake huiokota. Mahali wanapokusanyika ndege wengi, juu ya ubao mchafu au kwenye maji machafu, ugonjwa huenea upesi. Kwa muda wa miaka michache tu, chiriku hao walipungua kutoka kiasi cha milioni 4.3 hadi kiasi cha milioni 2.8, na mwaka 2021 waliingizwa katika orodha nyekundu ya ndege walio hatarini zaidi nchini humo.

Natufikiri hapa kwa makini. Watu waliokuwa wakiweka chakula hawakuwa wabaya. Waliwapenda ndege, walitumia fedha zao, wala hawakungoja asante. Waliitimiza methali yetu neno kwa neno: walitenda wema, wakaenda zao. Na pale walipoacha chombo bila kukiosha, meza ya huruma ikawa meza ya mauti.

Sisi tunaofuga kuku hatuna sababu ya kushangaa. Twajua jinsi kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, kinavyopita katika chombo kimoja cha maji na kumaliza banda zima. Walimu nao wajua kwamba uji wa shule ukinywewa katika vikombe visivyooshwa, mtoto aliyekuja na njaa aweza kurudi kwao na ugonjwa.

Wajuzi wa ndege hushauri hivi: vyombo vioshwe vizuri kila wiki na kukaushwa kabisa, maji yabadilishwe kila siku, mahali pa kulishia pahamishwe mara kwa mara. Tena, akionekana ndege mgonjwa, aliyejikunyata na manyoya yamemsimama, chakula kiondolewe kwa muda ili ndege watawanyike. Shauri hili la mwisho ni gumu. Dirisha litakuwa tupu, na mwenye nyumba atakosa furaha yake ya asubuhi. Hapo ndipo atakapojulikana aliyekuwa akiwalisha ndege na aliyekuwa akiyalisha macho yake.

Kwa hiyo twasema kwamba methali ya wazee ni kweli kwa upande wa shukrani, lakini haitupi ruhusa ya kukimbia kazi inayofuata. Kutoa ni sehemu rahisi, tena yenye furaha. Kuosha, kukausha, kuangalia kama tulichotoa kinafaa au kinadhuru, na kuacha kinapodhuru, ni sehemu isiyosifiwa na mtu. Hata hivyo, ndiyo inayomlinda anayepewa.

Tunapopanga basi kupeleka chakula kwa wagonjwa, nguo kwa yatima, au uji kwa watoto wa Shule ya Jumapili, tusiulize tu nani atatoa. Tuulize pia nani atarudi kesho kutazama, na nani ataosha vyombo. Tukimpata huyo, tuanze.