Je, Kazi Yaweza Kuwa Baba?

Katika miji ya Katanga, yaani Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, watu walizoea kusema kwamba Kazi ni baba, tena ni mama. Waliposema "Kazi" hawakumaanisha jasho la mtu, bali kompani kubwa ya kuchimba shaba, Union Minière, iliyoanzishwa mwaka wa 1906, ambayo mwaka wa 1967 ilitwaliwa na serikali na baadaye ikaitwa Gécamines. Neno hilo lastahili kupimwa.

Asili yake si vigumu kuifahamu. Hapo kwanza wanaume waliandikwa kutoka mbali kwa muda mfupi, kisha wakarudi kwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kompani ikaona yafaa mfanyakazi akae miaka 3 pamoja na mkewe na watoto. Ikajenga kambi. Ikatoa nyumba, hospitali, shule, na posho ya chakula iliyopimwa kwa kadiri ya watu wa nyumba. Mtoto alizaliwa katika hospitali ya kompani, akasoma katika shule yake, akakua, akashika koleo lake. Mtu wa namna hiyo angeiitaje, kama si baba?

Walakini baba hutambulikana kwa nini? Baba hampi mwanawe chakula ili apate kuchimba kesho. Ampa kwa kuwa ni mwanawe. Akiugua, akizeeka, akivunjika mguu, yu mwana vilevile. Bali posho ya kambini ilikuwa ujira uliovaa nguo nyingine: mtu alikwisha kuilipia shimoni. Alipoacha kazi, nyumba nayo haikuwa yake tena. Aliyepokea alikuwa na deni la shukrani, naam, lakini ni shukrani ya mfanyakazi mwaminifu, si utii wa mtoto.

Tena liko jambo ambalo wengi hawakuliona. Mama alipokwenda na kapu kupokea posho, watoto walijua chakula chatoka wapi. Nacho hakikutoka mikononi mwa baba yao. Mwanamume aliyekwisha kupata baba wa kumlisha alisahau kidogo kidogo kuwa yeye mwenyewe ni baba.

Je, kosa lote ni lake? Hasha. Anayekubali kuitwa baba, akapokea utii wa mtoto miaka mingi, hawezi siku ya njaa kujibu kwamba yeye ni mwenye mkataba tu.

Na siku hiyo ilifika. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka, na mwaka wa 1994 shaba haikufika tani 50,000. Mishahara ikakawia miezi mingi. Tangu mwaka wa 2003 watu zaidi ya 10,000 wakaachishwa kazi kwa malipo ya mara moja. Jambo hilo likaitwa kuondoka kwa hiari. Lakini hiari ya mtu asiyelipwa ni hiari gani?

Katika nyumba nyingi wake ndio waliotangulia kusimama. Wakauza unga sokoni kwa kopo, wakalima pembezoni mwa mji, na jioni watoto wakajifunza kutazama njia, wakiulizana mama ameleta nini.